Maji ndani ya kasha la kompyuta: maswali yenu

Tangu niguse habari za makasha ya kompyuta yanayotoka kiwandani na mfumo wa maji wa kupoza, maswali hayajakatika. Leo nayajibu machache.

Hayo maji yanakaa wapi, na yanafanya nini?

Mwenye gari ameshaelewa: ni rejeta. Juu ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta, kunabanwa kibamba cha shaba chenye mifereji myembamba sana. Pampu inapitisha maji humo, yanabeba joto hadi kwenye rejeta, feni zinaipuliza, maji yanarudi. Kwa kawaida mfumo huo unaununua kando na kuufunga mwenyewe. Haya makasha huja nao tayari. Kampuni ya Deepcool ilitoa la kwake, Genome, mwaka 2015, likiwa na rejeta ya milimita 360 na tangi lenye msokoto unaoonekana kwa nje. Nusu kifaa, nusu pambo.

Chumba changu hapa Mombasa ni tanuri. Maji yataipoza kompyuta kama iko kwenye kiyoyozi? Na umande je?

Hapana. Maji hayatengenezi baridi, yanahamisha joto. Chumba kikiwa na nyuzi 33, rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya hapo. Tena joto lenyewe haliendi mbali: prosesa inayokula wati 150 itakutemea wati hizohizo chumbani, uwe na maji au feni tupu. Unachopata ni utulivu. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, kwa hiyo ukianza kazi nzito joto linapanda taratibu, na feni hazina haja ya kupiga kelele kila dakika.

Umande usikutishe. Chupa ya soda hutoka jasho kwa sababu ina baridi kuliko hewa inayoizunguka; rejeta hii haifiki huko.

Maji yamepungua. Niongeze ya bomba?

Usithubutu. Jirani yangu aliongeza. Tulipofungua kile kibamba tulikuta ute wa kijani kama wa mtungi uliosahaulika uani, mifereji imeziba yote. Maji ya bomba yana chumvi, na hata ya chupa ya kunywa yana madini. Kama mfumo wako hauna kizibo cha kujazia, haukutengenezwa kujazwa, ukichoka unabadilishwa. Kama una tangi, tumia kulanti ya kompyuta, yaani kimiminika maalumu cha kupoza, ambayo ina dawa ya kuzuia kutu na uoto. Dawa hiyo si anasa: shaba na alumini zikikutana ndani ya maji matupu, alumini inaliwa.

Kuna wanaokimbilia “maji ya betri” ya kituo cha mafuta. Soma lebo kwanza! Kwenye rafu hiyohiyo hukaa maji yaliyochujwa, na pia asidi ya betri, chupa zikifanana kama mapacha.

Yangu inatoa sauti ya kububujika, hasa asubuhi nikiiwasha.

Hewa imeingia kwenye pampu. Hewa hukimbilia juu, kwa hiyo sehemu ya juu ya rejeta lazima ipite kimo cha pampu. Ukiwa umelilaza kasha mezani, lisimamishe. Sauti isipoisha, maji yamepungua.

Nauziwa moja iliyotumika. Nichukue?

Kama kazi yako ni barua na mahesabu, hapana. Nunua brashi, toa vumbi kwenye feni ulizonazo. Kama unahariri video au unacheza gemu nzito, uliza umri kwanza, maana maji hupotea kidogo kidogo kupitia mipira inayoyapitisha, hata bila tundu. Kisha mwambie muuzaji aiwashe nusu saa mbele yako, aizime, achomoe waya wa umeme. Hapo pitisha tishu kavu kwenye kila kiungio. Ikitoka na unyevu, mrudishie kasha lake.