Binti yangu alivunja ungo, akanificha siku tatu

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kufua. Nimeinua godoro la binti yangu nitoe shuka, nikakuta kipande cha kanga kimekunjwa mara nne, bado kibichi, kinanukia sabuni ya mche. Nilikitambua papo hapo. Ilikuwa kanga yangu ya kushindia nyumbani, niliyokuwa nikiitafuta tangu Alhamisi. Alikuwa ameikata upande wa pindo kwa mkasi wa shule, mkato umeyumba huku na huku.

Alikuwa na miaka 12, darasa la sita, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu.

Kilichoniuma ni kwamba nilijua nimeshamwandaa. Tangu alipofikisha miaka 10 na matiti yakaanza kuchomoza, nilimkalisha mara mbili tatu nikamweleza damu inatoka wapi na kwa nini, nikamwonyesha pedi inavyobandikwa kwenye chupi. Pakiti nzima ilikuwa kwenye droo yake. Nilipoifungua droo niliikuta vile vile, haijaguswa. Mtoto ana pedi ndani, lakini ameona heri akate kanga.

Nilimwita chumbani kwangu, nikafunga mlango, tukakaa kitandani. Sikumwonyesha kile kipande. Nilimwuliza tu, "Mama, tumbo linauma?" Akalia kwanza. Kisha akaniuliza jambo ambalo katika mazungumzo yetu yote sikuwahi kuligusa: "Sasa nitawekwa ndani?"

Kumbe rafiki yake darasani alimsimulia habari za binamu yake wa kijijini, aliyevunja ungo akawekwa ndani kama mwali, na shule ikaishia hapo. Mwanangu akaamua kuwa njia ya kujiokoa ni mimi nisijue. Pakiti hakuifungua kwa sababu alijua nitahesabu.

Nilikuwa nimemweleza damu, sikumweleza kesho yake. Wewe unayesoma hapa ukiwa na binti wa miaka tisa au kumi, anzia hapo. Mambo ya pedi yanafundishika kwa dakika kumi. Mtoto analala akiwaza mengine kabisa: nitaendelea na shule? Nitacheza rede na wenzangu? Nitalala kitanda kimoja na mdogo wangu? Baba ataniona vipi? Mwanangu aliyauliza hayo moja moja huku amejifunika mtandio usoni, nami nikamjibu moja moja. Shule, ndiyo. Rede, ndiyo, hata siku zenyewe kama tumbo halimsumbui. Mdogo wako, ndiyo. Kuhusu baba nilimwuliza yeye mwenyewe: "Unataka nimwambie?" Alifikiri kidogo, akasema nimwambie, ila baba asimseme.

Mimi nililelewa hapa hapa Tanga, Ngamiani, na siku yangu ilipofika nilipewa sentensi moja na shangazi: "Sasa ukiguswa na mwanaume, mimba." Basi. Sikuelezwa kugusa kupi. Miezi mizima kaka yangu alipokuwa akinipa kikombe cha chai nilikwepa vidole vyake. Shangazi yangu alinipenda, na alinipa alichopewa yeye. Lakini najua hofu ile ilivyokaa mwilini, ndiyo maana siku ile ya Jumamosi sikutaja mimba hata kidogo. Tulilizungumza wiki tatu baadaye, tukichambua mchele, kwa maneno kamili: mimba inapatikana vipi, na kwamba yai hutangulia kabla ya damu, kwa hiyo si kweli kuwa msichana ambaye hajaona siku zake hawezi kushika mimba. Lazima ajue hayo. Ila siku ya kwanza mtoto ana kazi ya kutosha.

Tukakirudia kile kipande cha kanga. Kitambaa chenyewe si kosa, mama zetu walikitumia, na wapo wanaokitumia mpaka leo. Hatari ni kule kukificha chini ya godoro kikiwa kibichi. Kitambaa kisichokauka sawasawa kinaleta muwasho na fangasi. Nikamwonyesha: loweka kwa maji baridi, maana ya moto yanagandisha doa, fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani, kisha pigia pasi. Akiona haya, aanike pembezoni mwa kamba penye jua, watu wengi hata hawaangalii. Pedi abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Iliyotumika anaizungushia gazeti na kuitia kwenye ndoo yenye mfuniko, kamwe haitupi kwenye choo cha kuvuta.

Nazungumzia kitambaa kwa sababu fedha ni jambo la kweli. Kwa dukani kwetu pakiti ya pedi 8 ni shilingi 2,000. Siku 5, pedi 4 kwa siku, ni pedi 20, yaani pakiti mbili na nusu, shilingi 5,000 kila mwezi kwa mtoto mmoja, na mama mwenyewe naye yumo. Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mlaji. Mimi bado naona jibu lilikuwa kuwabana wafanyabiashara, si kumrudishia msichana mzigo. Mpaka hapo patakaporekebishwa, weka fungu la pedi kwenye bajeti kama unavyoweka la sukari. Kama hazitoshi, pedi za kufua za kitambaa kinene ni msaada mkubwa, akiwa na nne au tano za kupokezana.

Kwa ajili ya shule nilimshonea kijifuko cha kitenge chenye zipu. Ndani mna pedi mbili, chupi moja, kipande cha gazeti. Kinakaa chini kabisa ya begi, mwezi mzima, si siku zake tu, kwa sababu mwaka wa kwanza hakuna anayejua itakuja lini. Nilimwuliza pia ni mwalimu gani wa kike anayemwamini, nikaenda kuzungumza naye dakika tano. Mwalimu aliniambia ni mimi wa pili tu kufanya hivyo mwaka ule.

Baba yake nilimwambia usiku. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Nifanye nini?" Nikamwambia asibadilike. Asubuhi akamwita kama kawaida amletee viatu, akamtania kuhusu hesabu, akampa nauli. Binti alikuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho. Jioni ile baba alirudi na mkate, na pakiti ya pedi iliyofungwa kwenye gazeti. Akaiweka mezani pamoja na mkate, akaenda kuoga. Akina baba mnaosoma hapa, hayo yanatosha sana. Baba anayeanza kumkwepa binti siku hiyo anamfundisha kuwa mwili wake umekuwa aibu.

Kazi ilikuwa kwa mama yangu. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikampa habari, akapiga kigelegele palepale. Kisha akaanza kumtaja somo atakayekuja kumfunda mtoto. Nilimwambia, "Mama, nataka uje wewe, mafundisho ya ndoa tuyaache kwanza. Bado anasoma." Hakufurahi. Tulivutana simu mbili tatu. Sisemi unyago hauna maana. Mtoto kukaa na mtu mzima anayemfundisha kujisitiri, kujisafisha na kujiheshimu ni jambo jema, na wengi wetu tulilipata huko tu. Ila kumfundisha mtoto wa miaka 12 namna ya kumhudumia mume ni kumkimbiza asikofika. Mama alikuja hatimaye, akamkanda mjukuu wake tumbo kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akamsimulia wao walivyokuwa wakifua mtoni alfajiri kabla wanaume hawajaamka. Binti hakuchoka kumsikiliza. Nilimwomba tu mama asimwambie kwamba akiingia bustanini mchicha utanyauka. Alicheka, hakusema.

Ramadhani ilipofika, siku zake ziliangukia humo, nami nikagundua jingine nililolisahau. Anajua kuwa mwenye hedhi hafungi wala haswali, na kuwa siku za funga atazilipa lakini swala halipi. Madrasa wameshafundishwa. Tatizo likawa kaka zake: "Mbona wewe unakula?" Mtoto alikuwa tayari kushinda na njaa asijulikane. Nikawakalisha wavulana, nikawaambia waziwazi kuwa dada yao ana ruhusa aliyopewa na Mungu, na hawaulizi tena. Hawakuuliza. Wavulana nao wanafundishika, tena upesi kuliko tunavyodhani.

Chango, yale maumivu ya tumbo ya hedhi, humpata siku ya kwanza na ya pili. Tunatia maji ya moto kwenye chupa, tunaifunga kwa taulo, anailalia. Ikizidi, ibuprofeni baada ya kula, si kwa tumbo tupu. Chakula naongeza dagaa, maharage, matembele, na maini nikipata, pamoja na chungwa au ndimu ili madini ya chuma yaingie vizuri mwilini. Chai nimeisogeza mbali na mlo kwa sababu inayazuia.

Ya pili ilimjia baada ya karibu miezi miwili, naye akaingiwa na wasiwasi. Miaka miwili ya mwanzo mzunguko haujatulia, huo ni utaratibu wa mwili. Kinachostahili daktari ni damu inayozidi siku saba, pedi inayolowa chapa kila saa moja au mbili, maumivu yanayomkosesha shule, hedhi inayopotea zaidi ya miezi mitatu, au msichana aliyefika miaka 15 bila kuona kitu. Ukikuta mhudumu anakujibu kwamba ndivyo wanawake walivyo, nenda kwa mwingine.

Tumetundika kalenda ndogo nyuma ya mlango wa kabati lake. Anatia alama siku ya kwanza ya damu, anahesabu mpaka siku ya kwanza ya nyingine. Wiki iliyopita alinifuata jikoni nikipika vitumbua, begi mgongoni.

"Mama, leo ni siku ya 33."

"Kijifuko kimo?"

Akapapasa chini ya begi, akaitikia kwa kichwa, akachukua vitumbua viwili vya moto na kukimbilia daladala.