Nilivyofufua injini ya 2H ya pikapu ya baba, na spea zilizonifundisha kwa uchungu

Jumamosi iliyopita nilipakia magunia kumi ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, nikapanda Kitonga gia ya tatu. Kona mbili tu ndizo zilizonirudisha gia ya pili. Mshale wa joto haukucheza, presha ya oili ilikaa pale pale, na kwenye kioo cha pembeni sikuona moshi wa kutisha. Nilipofika juu nilipaki pembeni, nikafungua boneti nikasimama naisikiliza inavyounguruma. Nilikuwa na sababu. Mlima huo huo, mwaka 2019, injini hiyo hiyo ilinifia mikononi.

Usiku wake nikakuta ujumbe wa msomaji kutoka Sumbawanga. Anasema: "Shikamoo kaka. Nina pikapu HJ75 kama yako, imeanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Nimepata seti nzima ya ovahoo kwa bei nzuri. Ninunue?"

Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Kaa hapa kwanza nikusimulie.

Pikapu yenyewe ni Land Cruiser HJ75 ya mwaka 1987, ile yenye mkonga ubavuni, bomba la kuvutia hewa ya injini. Baba aliinunua mnadani, mali ya mradi uliokuwa umefungwa, na kwa gari hilo tulisoma watoto watano. Ndani yake kuna 2H: silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 3,980, dizeli isiyo na turbo. Kipenyo cha silinda ni milimita 91, na pistoni inasafiri milimita 102. Nguvu za farasi ni 100 na ushee tu. Gari dogo la mjini linaweza kuizidi. Ila nguvu yake ya kuvuta, ile mafundi wanaita toki, ni kama Nm 240, na unaipata injini ikiwa bado kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Kemshafti, ile inayofungua valvu, inazungushwa kwa gia, hivyo huna mkanda wa kuuhofia. Ndiyo maana magari haya bado yapo vijijini.

Mwaka 2019 ilikuwa imechoka. Moshi wa bluu asubuhi, oili lita moja kila wiki, na mlimani inakata pumzi. Baba alikuwa bado hai lakini miguu haikumruhusu kukaa gereji, akaniachia mimi. Nilijiona mjuzi. Nikapanda basi hadi Dar, nikaingia mtaa wa Gerezani, nikazunguka maduka ya spea siku moja tu, na jioni nikawa na boksi kubwa mkononi: pistoni sita na ringi zake, laina zinazovikwa ndani ya silinda, metali (vibamba vya nusu duara) za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki, gasketi zote, valvu. Seti nzima. Muuzaji alinipunguzia bei, akanifungia na kamba. Nilirudi Iringa nimejaa furaha, na injini yenyewe bado ilikuwa haijafunguliwa.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nakuomba uliangalie vizuri. Nilinunua spea kabla sijajua injini inataka nini.

Fundi alipofungua tukakuta krenki imelika, inahitaji kuchongwa. Boksi langu lilikuwa na metali za 0.25, yaani za krenki iliyopunguzwa robo milimita, basi tukapeleka krenki ikachongwa 0.25 ili ifuate boksi. Unaona mambo yalivyopinduka? Krenki ilifuata boksi. Wakati wa kufunga nikamuuliza fundi kama tupime nafasi ya oili kati ya krenki na metali. Akasema, "Boksi limeandikwa 0.25, krenki imechongwa 0.25, unapima nini tena?" Nikanyamaza. Nilikuwa na haraka, msimu wa vitunguu ulikuwa umefika.

Ikawaka vizuri. Kilomita 3,000 hivi ilitembea. Halafu siku moja napanda Kitonga, mzigo umejaa, nikasikia mlio wa kwanza: tok. Kisha tok-tok-tok, unaoongezeka nikikanyaga mafuta na kupungua nikiachia. Mshale wa presha ya oili ukaanza kushuka. Nilizima pale pale, na ninamshukuru Mungu kwa uamuzi huo wa sekunde mbili, kwa sababu konrodi haikukatika na bloku, mwili wenyewe wa injini, ikapona. Tulivutwa na lori hadi Ilula.

Tuliposhusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili ilikuwa inameremeta kama imepigwa poda ya dhahabu. Fundi akatoa metali za konrodi ya nne. Zile nusu duara mbili zinatakiwa ziwe na rangi ya kijivu iliyotulia. Hizi zilikuwa zimebanduka, shaba imetokeza, na kingo zimesagika kama karatasi iliyolowa. Nilimpelekea baba moja nyumbani. Akaishika, akaipitisha kidole gumba mara mbili, hakusema neno. Akaiweka mfuko wa shati. Baadaye tulipopima metali zilizobaki kwa maikromita tukakuta haziko sawa unene, na zote zilitoka boksi moja lenye namba moja.

Nilirudi dukani. Muuzaji akanionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akasema fundi wangu ndiye aliyeharibu. Nimeshaacha kugombana na jambo hilo, ila sijalisahau. Gari lilikaa juu ya mawe miaka minne. Ndugu walikuja mmoja mmoja kunishauri niuze skrepa. Baba alifariki mwaka 2021 pikapu ikiwa bado juu ya mawe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya fedha zote zilizopotea.

Sasa elewa kwa nini metali ndizo zilizokufa, maana hapo ndipo kuchagua spea za injini ya aina hii kunapotofautiana na gari dogo la petroli. Injini ya kuvuta inafanya kazi yake kubwa ikiwa inazunguka taratibu. Unapanda mlima na tani moja mgongoni, mizunguko 1,800, mguu umezama. Pistoni inasukuma krenki kwa nguvu zote huku krenki inazunguka polepole, na kasi ya krenki ndiyo inayosaidia kujenga utando wa oili kati yake na metali. Kasi ikiwa ndogo na mzigo mkubwa, utando unakuwa mwembamba mno. Nafasi yote tunayozungumzia ni sehemu chache za mia za milimita. Metali ikiwa nene kupita kiasi, oili haina pa kukaa. Ikiwa nyembamba, presha inavuja. Kwenye gari la kwenda sokoni unaweza kupona kwa bahati. Kitonga hakuna bahati.

Kwa hiyo mwaka 2023 nilipopata fedha nilianza upya, safari hii kinyumenyume. Nilishusha injini, nikaifungua yote, nikaiosha, nikapeleka bloku, krenki na hedi (kichwa cha injini chenye valvu) kwa wachongaji, na sikununua hata gasketi. Nilichokitaka kwao kwanza ni karatasi. Kila jono la krenki, pale inapozungukia ndani ya metali, lipimwe, kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, hedi ijazwe maji kwa presha tuone kama ina ufa. Mchongaji alishangaa mteja anadai karatasi. Nikamwambia nitalipia.

Karatasi ile ndiyo iliyoninunulia spea. Krenki ikahitaji 0.50. Silinda mbili zilikuwa zimepanuka upande mmoja kuliko mwingine, basi laina mpya zote sita, zikapanuliwa na kusuguliwa baada ya kuingizwa, kwa kupima pistoni yenyewe niliyomletea mkononi. Usikubali silinda ichongwe kwa kufuata namba ya kitabu wakati pistoni bado zipo dukani. Mpe mchongaji pistoni, aipime, ndipo achonge. Hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu mbili. Nilitafuta nyingine iliyotumika, nikaipima nayo kwa presha kabla sijatoa shilingi.

Metali nilinunua Taiho, ringi nikachukua NPR, na nilikataa kuzichanganya na za boksi la zamani hata zile zilizoonekana mpya. Fedha zangu nyingi zilikwenda huko, kwenye vitu ambavyo ukifunga boneti hakuna atakayeviona. Taa, rangi, tairi pana, hivyo vyote vinasubiri. Nilipofika kwenye kufunga, niliweka uzi mwembamba wa plastiki wa kupimia juu ya jono, nikafunga metali kwa spana ya toki, nikafungua tena nikalinganisha uzi ulivyobonyea na kipimo kilicho kwenye paketi yake. Mara saba kwa metali kuu, mara sita kwa konrodi. Fundi alikuwa ananiangalia kwa huruma. Ringi nazo, kila moja iliingizwa peke yake kwenye silinda yake, ikasukumwa na pistoni ikae sawa, pengo likapimwa kwa fila geji. Kazi ya siku nzima. Pima. Nitaendelea kusema hivyo mpaka uchoke kunisoma: pima kabla hujanunua, na pima tena kabla hujafunga.

Kuna jambo moja karibu linipoteze mara ya pili. Pistoni za 2H zilikuwa zimeadimika, na kijana mmoja wa dukani akaniletea za injini ya 12H-T. Akasema ni ndugu moja, kipenyo kile kile 91, safari ile ile 102, tena za turbo, "hizi ni ngumu zaidi kaka." Namba zake ni kweli kabisa. Lakini 12H-T inapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo pistoni yake imechongwa shimo la kuunguzia. 2H inaunguza kwanza kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya hedi. Ukiweka pistoni yenye shimo chini ya hedi ya 2H, mgandamizo unaporomoka, na dizeli bila mgandamizo haiwaki asubuhi ya baridi ya Makete. Kipenyo kulingana hakutoshi. Tazama kichwa cha pistoni, tazama mahali pini inapokaa, linganisha na ya zamani mkononi mwako.

Hao hao wanaokusifia pistoni za turbo watakushauri pia uongeze turbo yenyewe. Mgandamizo wa 2H tayari umezidi 20 kwa 1, na turbo ingeuongezea presha juu yake. Mimi sikuongeza, na sitaongeza. Wengine wakanishauri niitupe niweke 1HZ ya cc 4,164. Ni injini nzuri, siipingi, ila ina mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na mimi gia za baba zinanitosha.

Pampu ya dizeli usiifungue gereji. Ipeleke na nozeli zake kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na umkataze kuiongezea mafuta ili "iwe na nguvu". Dizeli inayozidi hewa inatoka kama moshi mweusi, na joto lake linabaki kwenye pistoni zako mpya. Nguvu ya kuvuta kutoka chini inaletwa na silinda zinazoshika mgandamizo, valvu zinazokaa vizuri na nozeli zinazopuliza ukungu badala ya matone.

Halafu themostati, ile inayotunza joto la injini. Najua mafundi wetu wengi wanaing'oa na kuitupa, eti nchi yetu ina joto. Ukiing'oa, injini inatembea ikiwa baridi, na injini ya dizeli iliyo baridi inakula silinda zake polepole. Rudisha. Nunua mpya, ni bei ya chakula cha watu wawili. Kisha uangalie mpira wa mkonga mahali unapoingia kwenye kisafisha hewa. Kwangu ulikuwa na mpasuko mdogo kwa chini, mahali ambapo huoni mpaka uingize mkono, na nina hakika vumbi la Kilolo lilipita hapo miaka mingi. Hata ringi bora duniani zikilishwa vumbi zitakufa kama zile metali za boksi langu.

Miezi ya kusubiri laina na kukimbizana na boliti za hedi siielezei. Iliwaka Mei, mara ya pili ya kupiga stata. Kilomita 500 za mwanzo nilimwaga oili, nikakata filta kwa msumeno nikaikunjua juani kutafuta chembe za chuma. Hazikuwepo. Nilikaa pale chini karibu na gurudumu, mikono imejaa oili, na nikalia.

Ndugu zangu wenye magari haya, acheni kununua maboksi. Unayenisoma una mzee aliyekuachia mashine, au umeuza ng'ombe kuipata. Iheshimu kiasi cha kuipima. Kijana anayeona aibu kumwambia fundi "hebu tupime" ndiye huyo huyo atakayeona aibu kumwambia mkewe fedha zimekwenda wapi. Nilikuwa yeye, kwa hiyo ninajua.

Mdogo wangu wa Sumbawanga, moshi wa bluu na kula oili vinaweza kuwa ringi, vinaweza pia kuwa sili za valvu peke yake, na hizo hazihitaji kushusha injini. Anza kwa kupima mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa ya moto, uandike namba sita kwenye karatasi. Nitumie hizo namba. Muuzaji mwambie boksi lake akuwekee hadi mwezi ujao, na akikataa, mwache aliuze kwa mwingine. Ile metali ya konrodi ya nne bado ninayo, iko kwenye droo ya dashibodi. Nitakupigia picha yake kesho kukiwa na mwanga uione ile shaba.