Ukirithi duka la mwaloni, fuata kalenda ya ziwa

Duka la familia yetu, lililopo katika kijiji cha wavuvi kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, lilianzishwa na babu, likaendeshwa na baba, na sasa tunalo mimi na shemeji yangu, ambaye ndiye msimamizi wa jiko na mgahawa ulioungana nalo. Ninawaandikia vijana wanaorithi biashara ya namna hii, pamoja na wanaofikiria kuacha kazi mjini Mwanza wakafungue duka mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inapoegesha na kushusha samaki, kwa sababu mengi tunayofundishwa kuhusu rejareja yanachukulia kwamba mteja hupokea fedha mwisho wa mwezi. Mvuvi wa dagaa hupata fedha zake siku za giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikishawaka taa hazivuti kitu. Siku hizo mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na wengi wanaokuja dukani huja kukopa.

Bibi, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akisema: kopesha mbalamwezi, dai giza. Sisi hukopesha unga, chumvi, sabuni ya mche na mafuta ya kula, yaani vitu ambavyo mtu hawezi kuviuza tena kambi ya jirani, na deni huandikwa kwa jina la mvuvi pamoja na jina la mtumbwi, nahodha akiwa shahidi. Vibarua wa mitumbwi hufuata samaki. Leo wako hapa, wiki ijayo wako visiwa vya Ukara au Goziba, lakini tajiri mwenye mtumbwi hupatikana kwa urahisi zaidi. Asiye na nahodha wa kumshuhudia hupewa chakula cha siku hiyo, si mkopo, na wala hatuoni haya kumweleza sababu.

Jiko letu lina historia inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ndilo lililoiokoa familia. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, na babu akabaki na rafu tupu. Bibi aliendelea kupika chai, maandazi na samaki wa kukaanga kwa ajili ya abiria na wavuvi. Baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni zilipoadimika nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1980, samaki na muhogo havikuadimika hapa kwetu, na fedha za jikoni ndizo zilizolijaza duka tena biashara iliporuhusiwa kupumua. Kwa hiyo usilifunge jiko eti kwa sababu linachosha na faida yake huonekana ndogo.

Faida hiyo, hata hivyo, hulindwa kwenye karai. Sato huchanjwa ubavuni, hupakwa chumvi na ndimu, kisha huachwa juu ya ungo mpaka avuje maji, kwa sababu samaki aliyelowa huyachafua mafuta mapema, na ukipiga hesabu vizuri utaona kwamba mafuta na kuni ndivyo vinavyokula faida.

Viwanda vya minofu vilipoenea Mwanza katika miaka ya 1990, sangara wakubwa walianza kununuliwa mwaloni kabla ya kutufikia, na wateja wetu wengi wakahamia kwenye uvuvi huo. Kisha mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hili, bei ikaanguka, na jikoni tukawa na sangara wa bei rahisi huku madeni ya dukani yakiwa hayalipiki. Tangu hapo hatukubali madeni mengi yalalie mitumbwi ya aina moja. Mafuta ya taa nayo, yaliyokuwa nguzo ya mauzo enzi za karabai, zile taa za mafuta za kuvulia dagaa, yamepoteza wateja tangu taa za sola zienee. Rafu yake sasa ina betri, nyaya na balbu.

Kuhusu mahali pa kujenga, babu aliyaona maji yakipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaliweka duka juu mlimani ingawa alichekwa kwamba anawakimbia wateja. Mwaka 2020 ziwa lilipovuka hata kiwango cha 1964, vibanda vya chini vilifikiwa na maji, letu likabaki kavu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingoni. Hesabu mita hizo kuanzia pale maji yanapofika yakiwa juu, wala usimsikilize anayekuuzia kiwanja cha mchangani wakati wa kiangazi.

Lililobaki ni la ndani ya nyumba, na ndilo gumu kulisema mbele ya wakubwa. Sanduku la fedha la jiko litengane na la duka, na kila mwanafamilia anayechukua sukari au kula sahani ya samaki aandikwe daftarini, akiwemo mwenye duka, kisha hesabu ifungwe mwezi ukiwa mpevu, wakati wavuvi wamelala na ndugu wote wapo nyumbani.