"Gosh" na "Darn": Je, Ni Kukufuru?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu amezoea kusema "gosh" na "darn", maneno anayoyasikia katika katuni za Kimarekani. Babu yake, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema huko ni kukufuru. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu asili ya maneno hayo babu hakukosea. "Gosh" ni jina la Mungu kwa Kiingereza, "God", lililogeuzwa mwisho wake ili aliyeshtuka aanze kulitamka, kisha ulimi ukwepe kabla hajavunja amri inayokataza kulitaja bure jina la Bwana (Kutoka 20:7). "Golly" limetokana na jina hilohilo, na "gee" ni silabi ya kwanza ya jina la Yesu. "Darn" linasitiri "damn", laana ya kumtakia mtu hukumu ya milele, na "heck" limeshika nafasi ya "hell", yaani jehanamu.

Desturi hii ni ya kale. Waingereza wa karne ya 16 waliapa kwa mateso ya Kristo msalabani: "zounds" ni "majeraha ya Mungu" na "sblood" ni "damu ya Mungu", jina lenyewe likiwa limemezwa hadi kubaki sauti moja tu mwanzoni. Kulimeza hivyo hakukuwaridhisha wakubwa. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtoza pauni 10 yeyote atakayetaja kwa mzaha jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu katika mchezo wa jukwaani, nusu ya fedha hizo ikiwa ni ya mshitaki. Tamthilia ya Othello ya Shakespeare, kama ilivyochapwa mwaka 1622, inamwonyesha Iago akiapa "sblood" mara tu pazia linapofunguliwa. Katika chapa ya mwaka 1623 kiapo hicho hakipo.

Nasi tunalo la namna hiyo. Anayechelea kuapa "haki ya Mungu" husema "haki ya nani!", na kila anayemsikia anajua ni nani asiyetajwa.

Katika Kiingereza cha leo "gosh" si tusi, na wengi hulisema bila kukumbuka lilikotoka, ingawa wapo Wakristo wanaoliepuka kwa sababu ileile ya babu. Mimi ningemweleza mtoto asili hiyo waziwazi, kisha ningemwomba asiyatamke maneno hayo mbele ya babu yake.