Jibu langu kuhusu unene wa huku Marekani

Jumapili niliweka kwenye grupu la familia picha niliyopigwa kazini. Chai yangu haijapoa, mdogo wangu akawa ameshaandika: "Dada, nawe wamekuambukiza ulafi wao Wamarekani. Kila mtu na mdomo wake." Wifi akasema nimenawiri, maisha yamenikubali. Halafu mtoto wao akatuma sauti, ananiomba nikija Desemba nimletee lile boksi la nafaka za asubuhi lenye katuni aliloliona kwenye simu. Nimekaa na maneno hayo siku nne. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa tunakatizana.

Nilipofika Columbus, Ohio, nilikuwa na kilo 64. Baada ya miaka mitatu mizani ya daktari ilisoma 85. Wifi, kule hakukuwa kunawiri. Nilikuwa nashuka ngazi nimeshika ukuta kwa maumivu ya magoti, presha ilikuwa juu, na daktari akaniambia nikiendelea vile kisukari kipo mlangoni. Hamkujua kwa sababu picha nilizowatumia zote zilikuwa za kifuani kwenda juu.

Sasa, mnanijua. Mimi ndiye nifungaye Ramadhani nzima na kuunganisha sita za Shawwal, kwenye joto la Tanga, huku nikiuza duka. Mtu huyo ndiye aliyepanda ndege. Sikuacha nia yangu uwanjani. Kilichobadilika ni vitu vyote vilivyonizunguka, na ndivyo ninavyotaka mvielewe kabla hamjatoa hukumu.

Nyumbani Ngamiani nilikuwa natoka kwa baiskeli, asubuhi nanunua mbaazi na mhogo kwa jirani, mchana wali na samaki, usiku tunakula kilichopikwa na kikiisha kimeisha. Huku nilianza kazi kwenye nyumba ya wazee, shifti ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, na mara nyingi naombwa niunganishe na ya usiku. Mapumziko ya kula ni dakika thelathini. Kwenye chumba cha mapumziko kuna mashine ya kuuzia biskuti, pakiti za chipsi na soda. Nikitoka usiku, kilicho wazi ni sheli na madirisha ya kuku wa kukaanga na baga. Duka lenye mboga za majani liko mwendo wa saa nzima kwa basi kutoka nilipopanga, na barabara ya kwendea haina hata njia ya miguu. Januari kuna theluji juu yake. Hakuna aliyenishika mkono. Hela niliingiza mwenyewe kwenye mashine, na hilo silikani.

Lakini tazameni nilichokuwa nanunua. Chupa ya kawaida ya kola huku ni mililita 591, na ndani yake kuna gramu 65 za sukari, yaani vijiko 16 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, ikiwezekana, asizidishe gramu 25 hivi kwa siku. Nilikuwa nakunywa mbili kwa shifti ili nisisinzie. Mama angeniona nikitia vijiko 32 kwenye birika langu peke yangu angenipokonya kijiko.

Mdogo wangu, hoja yako ya ulafi niliiamini hata mimi. Kilichonitoa huko ni hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kati ya watu wazima 100 wa Marekani, wenye unene uliokithiri walikuwa kama 13. Sasa ni kama 40. Hao wa zamani ndio babu na bibi wa hawa. Je, taifa zima limepoteza kujizuia ndani ya miaka sitini, wakiwemo wauguzi, mapadri na wanajeshi? Mimi sioni namna hiyo.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa uusikilize kwa makini. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake, wa taasisi za afya za serikali kule Bethesda, Maryland, walitoa matokeo ya watu 20 waliokubali kulazwa hospitalini mwezi mzima, wakila chakula cha hospitali tu. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kiwandani kupita kiasi, na wiki mbili vyakula vya kupikwa kutoka vitu vya asili. Sahani zililinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mmoja akaambiwa ale kiasi anachotaka. Kwenye chakula cha kiwandani walikula zaidi kwa kalori kama 500 kila siku, na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye kile kingine wakapungua karibu kilo moja. Walikuwa watu wale wale na midomo ile ile. Hakuna aliyekuwa mlafi Jumatatu akawa mcha Mungu wiki mbili baadaye.

Na maneno "kila mtu na mdomo wake" yana historia huku. Kampuni ya sigara Philip Morris iliinunua kampuni ya vyakula ya General Foods mwaka 1985, ikainunua na Kraft, nayo ya vyakula, mwaka 1988. R. J. Reynolds, nayo ya sigara, iliichukua Nabisco ya biskuti mwaka huo huo wa 1985. Kwa hiyo kwa miaka mingi waliomiliki chakula cha mamilioni ya watu ni wale wale waliokuwa wakisema mvutaji amejitakia. Mwaka 2002 vijana wa New York waliishtaki McDonald's, kampuni ya mikahawa ya baga, kwa unene wao, na wabunge wakaja juu. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuzuia kesi za aina hiyo, na kwenye jina lake wakaweka maneno "wajibu binafsi". Ulikwama Seneti, ila majimbo mengi yakatunga sheria zao zenye maana hiyo hiyo. Ulichoniandikia Jumapili, mdogo wangu, kuna watu walikipeleka bungeni ili wasiulizwe kitu.

Nimepungua kilo 12 sasa. Nitakueleza nilivyofanya, kwa sababu wajibu wangu naukubali. Niliacha soda kabisa, na hilo lilikuwa gumu kuliko mfungo wowote. Jumapili napika maharage na mchicha wa kutosha siku nne. Lakini kabla ya hayo nilipata shifti ya asubuhi, na nikanunua gari kuukuu linalonifikisha kwenye mboga. Mwenzangu wa kazi ana watoto watatu na vibarua viwili. Anainua wazee wa kilo 90 kutoka kitandani kutwa nzima, kisha anakula kwenye gari akielekea kazi ya pili. Ni mnene kuliko mimi nilivyokuwa. Mtu akimwita mvivu mbele yangu, tutakosana.

Wanaotengeneza vitu hivi wanaweza kubadilika wakibanwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Uingereza ilipotangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari nyingi, iliyoanza Aprili 2018, kampuni nyingi zilipunguza sukari hata kabla tarehe haijafika. Ina maana siku zote iliwezekana. Chile tangu 2016 inabandika alama nyeusi kwenye vyakula vilivyozidi sukari, chumvi au mafuta, na ikaziondoa katuni kwenye maboksi ya aina hiyo, kwa kuwa walijua katuni inasema na nani.

Nyumbani nako naona mambo yanakuja. Mtoto akifaulu anapewa soda, mgeni akija soda, na kitambi cha baba tunakiita neema. Wifi, najua ulinipongeza kwa mapenzi, lakini ukiniona nimenenepa tena, niulize kama naumwa.

Boksi la nafaka sitalileta. Nimelisoma ubavuni dukani: theluthi ya uzito wake ni sukari. Nimemnunulia raba na kengele ya baiskeli, ile inayosikika mpaka barabara ya pili. Akilia, mpe simu, mimi shangazi yake nimweleze mwenyewe.