Jibu: Wingu kwenye negativu za ghala la pamba, Magu

Salaam, ndugu. Umesema kila negativu (filamu iliyosafishwa) ya inchi 4 kwa 5 uliyopiga kwa kamera kwenye ghala la pamba lililoachwa kule Magu ina wingu jeusi pembeni; hiyo ni dalili ya mwanga kupenya mahali. Likionekana kwenye kishikio kimoja tu cha filamu (kasha linalobeba filamu nyuma ya kamera), kosa ni la kishikio hicho. Likiwa kwenye vyote, ingia chumba chenye giza totoro, washa tochi ndani ya ile ngozi ya mikunjo iliyo nyuma ya lenzi, kisha utazame pembe za mikunjo, kwa kuwa ndipo ngozi kuukuu hutoboka kwanza. Yangu ilikuwa na matundu 3 kama ncha ya sindano, nikayaziba kwa gundi ya mpira iliyochanganywa na masizi. Hata hivyo, kwa jua hili la ziwani, bado huifunika kamera kwa kitambaa kizito cheusi kabla ya kuchomoa kibati kinachoifunika filamu ndani ya kishikio. Tafadhali rudi upige tena mapema, kabla mabati ya ghala hilo hayajang'olewa.