Maswali na Majibu: Jedwali la Python lasomwa vibaya na Fortran

SWALI: Ndugu Mhariri, nina jedwali la mvua la vituo 3 kwa miezi 4, ambalo nimeliandaa kwa lugha ya programu ya Python nikitumia NumPy, maktaba yake ya kushughulikia majedwali ya namba. Nikiikabidhi programu iliyoandikwa kwa lugha ya Fortran anwani ya jedwali hilo, yaani mahali lilipo katika kumbukumbu ya kompyuta, ili ikokotoe wastani wa kila kituo, jumla ya namba zote hutoka sahihi, lakini wastani wa vituo hukosewa. Je, hakuna budi niziandike namba kwenye faili na kuzisoma upya? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kutaja kwamba jumla ni sahihi, kwa sababu hiyo inaonyesha kuwa namba zako zote zimefika salama na kwamba kilichopotoka ni utaratibu wa kuzisoma. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta hamna jedwali. Mna mstari mmoja mrefu wa baiti, na kila lugha ina desturi yake ya kuukata mstari huo. NumPy isipoelekezwa vinginevyo hufuata desturi ya lugha ya C, yaani humaliza safu mlalo ya kwanza ndipo iingie ya pili, ilhali Fortran hutangulia kujaza safu wima. Tuseme jedwali lina namba 1 hadi 12, na kituo cha kwanza kina 1, 2, 3 na 4. Fortran ikiambiwa kuwa jedwali ni la 3 kwa 4, itakipa kituo hicho 1, 4, 7 na 10.

Faili haihitajiki. Njia ninayoipendelea ni kulitangaza jedwali hilohilo katika Fortran kuwa la 4 kwa 3, mwezi ukitangulia na kituo kikifuata, kwani hakuna namba hata moja itakayohamishwa. Unaweza pia kuliunda kwa mpangilio wa Fortran tangu mwanzo ndani ya NumPy. Ukingoja kulibadili baadaye, itatengenezwa nakala, jambo jepesi kwa namba 12, lakini jedwali la 10,000 kwa 10,000 lenye namba za baiti 8 huchukua baiti milioni 800, na nakala yake hudai nafasi nyingine kama hiyo.

Aina ya namba itaje waziwazi katika Fortran kwa c_double, jina la namba za desimali zinazolingana na zile za lugha ya C, iliyomo katika moduli ya iso_c_binding tangu Fortran 2003, ili pande zote mbili zikubaliane juu ya baiti 8.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni umiliki wa kumbukumbu, yaani ni upande upi unaoitenga na kuifuta. Fortran ikiihifadhi anwani uliyoipa hata baada ya kazi yake kwisha, kisha Python ikaiachilia kumbukumbu ile kwa kuwa hakuna tena kinachoirejelea, Fortran itasoma mahali ambapo pengine pameshapewa kazi nyingine, na huenda usione ujumbe wowote wa kosa, ila namba zisizo na maana. Kwa hiyo lishikilie jedwali upande wa Python mpaka Fortran imalize kabisa, wala usiiachie Fortran ifute kumbukumbu ambayo haikuitenga yenyewe.